Maswali Yenu: Hii "check" ni neno moja ama ni maneno kumi?

Wasomaji, toleo lililopita kuna mtu aliuliza kama "check" na "cheque" ni maneno mawili, nikamjibu kwa mstari mmoja tu kwamba ni neno moja, na tena ni neno la mfalme. Basi meseji zikaanza kuingia na hazijaisha mpaka leo. Wengi hawakuamini, wengine walitaka nieleze huyo mfalme ametoka wapi, na wengine wakaleta vicheki vingine ambavyo hata sikuwa nimevitaja. Kwa hivyo leo ukurasa wote ni wa neno hilo. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

SWALI: Mwalimu habari yako. Mimi ni keshia kwa duka moja huku Tom Mboya Street. Kazini nacheki noti kwa ile mashine ya taa ya buluu nione kama ni feki, kastama wa holseli, yaani wa jumla, analipa na cheki, shati ya yunifomu yetu ni ya cheki, halafu nikifika nyumbani kijana wangu anajifunza chess shuleni ananiambia mamaa ukimvamia king unasema "check". Sasa wewe umesema yote ni neno moja. Mfalme wa chess na noti feki wanajuana wapi jameni? – Keshia, Tom Mboya

JIBU: Wanajuana sana dada yangu, manake mfalme ndiye mwenyewe hasa, hizo zingine zote ni watoto na wajukuu.

Tuanzie India. Karibu karne ya 6 huko kulikuwa na mchezo wa vita wa kuchezewa ubaoni, ukiitwa chaturanga, jina la Kisanskriti lenye maana ya viungo vinne, yaani vile vikosi vinne vya jeshi la wakati huo: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi wakaupenda wakauita chatrang. Karne ya 7 Waarabu wakaiteka Uajemi, wakauchukua na mchezo, na kwa sababu Kiarabu hakina ile "ch" wala "g" ngumu wakautamka shatranj, na hapo ndipo Kiswahili kikapata sataranji.

Sasa kwa Kiajemi mfalme ni shah. Mchezaji akimtishia mfalme wa mwenzake ilikuwa ni adabu amwambie, hapigi kimya kimya, anatangaza "Shah!" yaani mfalme wako huyo, mwangalie. Mchezo ukavuka kuingia Ulaya kupitia Hispania iliyokuwa chini ya Waislamu na pia kupitia Italia, na kufikia mwaka 1000 hivi ulikuwa umeshaingia. Lile neno shah likageuka geuka kwenye midomo ya watu, Kilatini cha makanisani kikaliita scaccus, Kifaransa cha kale kikaliita eschec, na Waingereza wakalipokea kutoka kwa Wafaransa wakakata kichwa likabaki "check". Na kama ni wengi, eschecs, ikawa "chess". Yaani hilo jina la mchezo anaojifunza kijana wako, ukilifungua ndani, utapata ni "mashaha" tu.

Haya, noti feki inaingilia wapi. Kwa huo mchezo ukishaambiwa "check" mipango yako yote imesimama. Ulikuwa unataka kusogeza farasi huku, sijui kula kete kule, hakuna, lazima kwanza umwokoe mfalme, hiyo ni sheria si ombi. Kwa hivyo Waingereza, kuanzia kama karne ya 14, wakaanza kulitumia neno kwa kitu chochote kinachokusimamisha ghafla au kukuzuia. Mpaka leo ukisikia mtu wa sheria akisema mahakama na bunge ziko pale kuwa "check" kwa serikali, ni ile maana ya kuzuia, si ya kuangalia. Halafu kutoka kuzuia likapiga hatua moja zaidi. Ukitaka kuzuia wizi na makosa unafanya nini? Unalinganisha. Unaweka karani wa pili aandike hesabu yake kando, halafu mnazikutanisha mbili muone kama zinalingana. Huyo karani na hilo daftari lake ni kizuizi, ni "check". Na mpaka karne ya 17 kitendo chenyewe cha kulinganisha na kuhakikisha kikawa kinaitwa hivyo hivyo. Wewe ukiiweka noti ya elfu chini ya hiyo taa unafanya zote mbili kwa pamoja, unailinganisha na vile noti halali inafaa kuwa na unazuia hasara isiingie kwa til.

Na kuna kitu kingine hapa ambacho nakipenda kuliko vyote, nivumilie kidogo. Kiswahili hakikungoja Waingereza walete huyo mfalme. Fungua kamusi ya Kiswahili uangalie "shaha". Utapata ni mfalme wa sataranji, na pia ni bingwa wa washairi, yule ambaye malenga wengine wanamheshimu, shaha wa malenga. Ni shah yule yule wa Uajemi. Kwa hivyo mdomoni mwako uko na neno hilo mara mbili, moja lilizunguka Hispania, Ufaransa na Uingereza likarudi kwetu likiwa limevaa "cheki", lingine lilikuja na majahazi ya Ghuba moja kwa moja mpaka Pwani likabaki shaha. Inaniuma kuona watoto wa Nairobi wanafundishwa king, queen, knight, bishop na hakuna anayewaambia kwamba lugha yao ilikuwa na sataranji na shaha kitambo sana. Mwambie kijana wako. Shati ya cheki imejibiwa hapo chini.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nimeajiriwa na kaunti fulani, naishi Kayole. Kila mshahara ukichelewa tunaambiwa "exchequer haijatoka", kwa redio pia ni "exchequer, exchequer". Nikaangalia hilo neno vizuri nikaona ndani yake kuna "cheque". Je ni kwa sababu serikali inatoa cheque ndio inaitwa hivyo? – Muuguzi, Kayole

JIBU: Marahaba. Umeona vizuri sana lakini umeligeuza, mtoto umemweka kwa nafasi ya mzazi. Exchequer ni ya zamani zaidi ya cheque kwa mamia ya miaka, na hiyo tahajia yenye "q" ndiyo cheque iliiga kutoka kwa exchequer.

Rudi kwa ule ubao wa sataranji. Kwa Kifaransa cha kale ubao wenyewe, ule wenye vyumba vyumba, uliitwa eschequier. Sasa England karibu mwaka 1110, enzi za mfalme Henry I, kulikuwa na shida moja kubwa, ile ya kuhesabu kodi. Hesabu ziliandikwa kwa namba za Kirumi, zile za X na V na I, na hakuna sifuri, ebu jaribu kujumlisha pesa za nchi nzima kwa namba hizo utaona. So wakatengeneza meza kubwa, kama futi 10 kwa 5, yenye ukingo pembeni ili vitu visianguke, wakaitandika kitambaa cheusi kilichochorwa mistari. Safu moja ilikuwa ya peni, nyingine ya shilingi, ya pauni, ya pauni ishirini ishirini, ya mamia, ya maelfu. Halafu karani akawa anasogeza vidude vya kuhesabia kwenye hizo safu, huku anaweka, kule anatoa, kama mtu anavyogawa kete za bao. Yule afisa wa mfalme aliyekusanya kodi mashinani, sherifu, anakaa upande wa pili wa meza anaangalia, na hata kama hajui kusoma anaona kwa macho yake anadaiwa ngapi na amelipa ngapi. Mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na mwezi wa Septemba.

Watu wakiangalia hiyo meza wakaona ubao wa sataranji mtupu, karani huku na sherifu kule wakitazamana kama wachezaji. Wakaiita eschequier, na ofisi nzima ya fedha za mfalme ikapata jina la kitambaa cha mezani. Tunajua haya yote kwa undani kwa sababu mmoja wa maafisa wa ofisi hiyo, Richard FitzNeal, aliandika maelezo ya kazi yao kwa Kilatini miaka ya 1170. Ile "x" ya mbele waliiongeza baadaye wakidhani ni ile "ex" ya Kilatini, haikuwa na kazi hapo. Na mpaka leo waziri wa fedha wa Uingereza anaitwa Chancellor of the Exchequer.

Risiti sasa. Wakati huo karatasi hazikuwa kitu cha kawaida, kwa hivyo ukilipa walikuwa wanachukua kijiti, wanakata alama. Pauni elfu moja ni mkato wenye upana wa kiganja, mia ni upana wa dole gumba, ishirini ni kidole cha mwisho, pauni moja ni kama punje ya shayiri. Halafu kijiti kinapasuliwa katikati kwa urefu, wewe unaenda na kipande kimoja na ofisi inabaki na kingine. Siku ya kukaguana vinaunganishwa, na kama mtu ameongeza mkato kwa chake unaonekana hapo hapo kwa sababu hautaingiliana na wa mwenzake. Mimi huwa naona hii ilikuwa akili ya hali ya juu, huwezi kufoji ile mbao inavyopasuka. Vijiti hivyo vilitumika mpaka mwaka 1826, fikiria, mamia ya miaka. Vilipoachwa vikabaki malundo, na mwaka 1834 ikaamuliwa vichomwe kwenye matanuru ya chini ya jengo la bunge. Moto ukashika mabomba ya moshi ukapanda, na usiku wa tarehe 16 Oktoba bunge la Uingereza likaungua karibu lote. Hilo jengo la saa kubwa mnaloona kwa picha za London ni lile lililojengwa baada ya moto huo.

Cheque ndio inakuja hapo. Ile desturi ya vipande viwili vinavyolingana ilihamia kwa karatasi. Mwanzoni mwa karne ya 18 "check" kwa mambo ya pesa kilikuwa ni kile kipande kinachobaki kwa daftari kama ushahidi, cha kuzuia udanganyifu, halafu jina likahama kutoka kwa kibakio likaenda kwa karatasi yenyewe unayompa mtu aende nayo benki. Iliandikwa "check" kama kawaida. Ni karne ya 19 ndio Waingereza wakapendelea "cheque", wakiitazama "exchequer", na wakati huo Wamarekani walikuwa wameshakuwa na nchi yao na mazoea yao, hawakuhama, wakabaki na "check". Ndio maana sisi tuliotawaliwa na Mwingereza tunaandika na "q". Hata ile cheki kubwa ya kadibodi ambayo mheshimiwa anapiga nayo picha akipeana basari, iangalie, iko na "q".

Kuhusu mshahara wako: kwa lugha ya Hazina ya Kitaifa "exchequer" ni pesa zinazotolewa kutoka kwa mfuko mkuu wa serikali, na kwa Katiba ya 2010 hazitoki mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe, hiyo ni Ibara ya 228. Kwa hivyo anayekwambia haijatoka anamaanisha idhini na pesa zenyewe hazijafika kwa akaunti ya kaunti. Pole sana, na natumaini wakati unasoma hii itakuwa imeshaingia.

SWALI: Mimi nauza mashuka ya Kimasai karibu na City Market. Watalii wanaita "checks" na wengine "checkered". Kitambaa nacho kinahusiana na hayo mambo yenu ya chess? – Muuza mashuka, mjini

JIBU: Moja kwa moja. Kitu chochote chenye vyumba vya rangi mbili zinazopishana kilifananishwa na ubao wa sataranji, na hii ni ya kitambo, hata ngao za mashujaa wa Ulaya zama za kati zilikuwa na michoro hiyo na jina hilo. Ndio shati ya cheki ya dada keshia. Ndio bendera ya mwisho ya mbio za magari, ile nyeusi na nyeupe. Ndio pia Wamarekani wanauita mchezo wa drafti "checkers", kwa sababu unachezewa ubao ule ule, ingawa jamaa zetu wa drafti pale kwa stage wanatumia vifuniko vya soda na kadibodi na mchezo unaenda sawa tu. Wazee wa Pwani wao wanauita dama. Wareno nao neno lao xadrez ni mchezo wa sataranji na ni kitambaa cha vyumba vyumba pia, lakini hilo limetoka kwa shatranj si kwa shah, so wamefika mahali pale pale kwa njia nyingine. Shuka lenye mistari peke yake bila vyumba usiliite checks, mtalii atakuelewa lakini si lenyewe.

SWALI: Mwalimu nilikuwa na bosi Mmarekani huko Westlands. Nikamkaribisha kwa ruracio, ile sherehe ya mahari, ya dada yangu, akaniambia kwa upole "can I take a rain check?" Mimi nikajua anataka kuchangia na cheki, nikaambia familia kabisa. Siku ikafika hakuna bosi hakuna cheki. Alikuwa ananiambia nini? – Aliyengoja, Kangemi

JIBU: Alikuwa anakwambia kwa heshima kwamba hiyo siku haitawezekana lakini anaomba umhesabie mwaliko, aje siku nyingine. Hakukudanganya.

Asili yake ni baseball, mchezo wao ule wa kupiga mpira na rungu. Karne ya 19, miaka ya 1880 hivi, mvua ikinyesha mechi ikakatika watu waliolipa kiingilio walipewa au walibaki na kipande cha tikiti cha kuwaingiza bure siku nyingine. Hicho kipande ndio "rain check", cheki ya mvua. Na ukitazama vizuri utaona ni yule yule ndugu ya cheque ya benki, kipande kidogo kinachothibitisha kwamba unadai. Wamarekani walikipenda sana hicho kipande, ukiacha koti mlangoni unapewa "check", ukiacha mzigo steshoni unapewa "check". Ni kama kile kibao cha plastiki chenye namba unachopewa ukiacha mkoba mlangoni kwa supamaketi, sisi hatukipi jina, wao wangekiita "check" mara moja. Na hotelini akisema "check please" anaomba bili. Hapa Nairobi sema bili, weita akisikia cheki atakuletea sura ya kushangaa, siku hizi hata vijana wengi hawajawahi kuandika cheki ya benki, ni M-Pesa tu tangu 2007.

SWALI: Niaje mwalimu. Huku mtaani tunasema "cheki hii", "nitakucheki kesho", "alinicheki nikapita". Mathe anasema tunaharibu Kiswahili, ati neno ni "cheka" na sisi tumeliharibu. Ni ukweli? – Kijana wa Umoja

JIBU: Poa sana. Mama yako muheshimu lakini kwa hili hapana, cheka na cheki hazijawahi kuonana. Cheka ni Kibantu halisi, ya kwetu tangu jadi, utaisikia ikifanana fanana kwa lugha nyingi za ukanda huu, Wakikuyu wana theka, Wakamba wana theka pia. Cheki ni huyu mgeni tunayemzungumzia tangu juu. Kilichowachanganya watu ni kwamba yameangukia sauti karibu moja, na kuna mahali yanagongana kabisa. Sema "bosi hacheki". Umesema bosi ni mtu wa uso mkavu haonyeshi meno, ama umesema bosi hakagui kazi ya watu? Zote mbili ni sahihi, kwa sababu cheka ikikanushwa wakati uliopo inaisha na "i", na cheki yenyewe ilikuja ikiwa na "i" yake na haibadiliki. Msikilizaji ataamua kwa mazungumzo mliyokuwa nayo. Lakini ukisema "bosi hakucheka" na "bosi hakucheki" hapo utata umeisha.

Na mmeharibu kweli? Mimi nasema mmeongeza. Kiingereza hakina "check" ya kumaanisha kupiga simu vile nyinyi mnasema "nicheki kwa simu". Hiyo ni yenu. Halafu mkaanza kuinyambua kama kitenzi chochote, "tuchekiane", "nichekie huyo mtoto", nani mwingine amefanya hivyo na neno la wafalme wa Uajemi? Kosa ni kulitumia mahali ambapo Kiswahili kiko na neno lililo bora. Kwa mtihani andika kagua, hakiki, angalia, tazama, chunguza, na kila moja lina uzito wake: mhasibu anahakiki, daktari anachunguza, mwalimu anakagua. Ukiweka cheki kila mahali unazipoteza hizo tofauti zote, na hapo mama yako ana haki ya kukasirika.

SWALI: Nilikulia Ngara, maduka mengi yalikuwa ya akina Shah. Je hao ni ukoo wa hao wafalme wa Uajemi? Na Jamhuri ya Cheki je, inaingia? – Mzee wa Ngara

JIBU: Shikamoo mzee. Hapana kwa yote mawili. Kuna akina Shah Waislamu ambao jina lao ni hilo la Kiajemi kweli, lakini akina Shah wengi wa Ngara na Parklands ni Wagujarati, Wajaini na Wahindu, na Shah ya kwao imetoka kwa neno la Kisanskriti sadhu, mtu mwema mwaminifu, ambalo lilikuja kumaanisha mfanyabiashara. Jina limeendana na kazi basi. Cheki ya nchi ni jina la watu wenyewe, hao wanajiita hivyo kwa lugha yao, na tahajia ya Kiingereza yenye "cz" ilipitia Kipolandi. Ni kufanana kwa sauti peke yake.

SWALI: Mwalimu, tuko na kikundi cha chess hapa Mukuru na tunabishana kuhusu "checkmate". Mmoja anasema ni "mfalme amekufa", mwingine anasema mfalme hafi kwa chess, haliwi hata siku moja. Na hiyo "mate" ni ile ya rafiki, kama "classmate"? – Wachezaji, Mukuru

JIBU: Hongereni kwa kubishana juu ya kitu cha maana. Chanzo ni shah mat. Kwa Kiarabu māta ni amekufa, na mtu yeyote wa Kiswahili atalisikia hapo, ni mzizi ule ule uliotupa maiti na mauti. Kwa hivyo anayesema "mfalme amekufa" ana hoja, na Waarabu wenyewe walilielewa hivyo. Lakini kwa Kiajemi, ambako usemi ulianzia, mat ni mtu aliyeishiwa, amekwama, amebaki ameduwaa hana la kufanya. Wataalamu wengi wa lugha leo wako upande huo, na mimi pia niko huko, kwa sababu moja tu, ndiyo hiyo ya mwenzenu wa pili: tazameni ubao. Kete zote zingine zinaliwa zinatolewa nje, yeye halali chini, anabaki pale pale amesimama kwa chumba chake, kila njia imefungwa, na mchezo unaisha akiwa mzima. Kama ni kutafsiri ningesema "shaha kakwama".

Warusi wao hawakukata kitu, mchezo mzima wanauita shakhmaty, yaani kila wakisema twende tukacheze wanataja na mfalme na kukwama kwake. Wafaransa nao échec ilibaki na maana ya kushindwa, hata mtoto akianguka mtihani neno ni hilo.

"Mate" ya rafiki ni ya ukoo mwingine kabisa, wa kaskazini mwa Ulaya, ilitoka kwa Kijerumani cha mwambao na inahusiana na "meat", neno ambalo zamani kwa Kiingereza lilikuwa chakula cha aina yoyote, si nyama peke yake. Mate wako ni yule mnayekula naye sahani moja. Kwa hivyo kwa "classmate" na "roommate" kuna chakula, na kwa "checkmate" kuna mfalme aliyekwama, msizichanganye tena. Na mkiwa na ubao, wafundisheni wadogo waseme shaha.